Siku Zisizokatwa Umeme

Mama Shabani tumemzika Alhamisi. Wamemzika wanaume, niseme hivyo, maana sie wanawake tulibaki uani kule Temeke, tumekaa kwenye mikeka, na kila aliyeingia alinifuata mimi kwanza kunipa mkono wa pole. Wageni walidhani mimi ndiye bintiye wa kumzaa. Nina rozari kwenye mkoba na jina langu ni Veronika, lakini nilipokea pole zote hizo na kuitika "tumeshapoa" kama mwenye msiba, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kwa zaidi ya miaka thelathini mama yule alinifanya mwanawe. Nilipoolewa alikuja na doti sita za kanga. Nilipojifungua alikaa kwangu Kimara siku arobaini, akanikanda, akanipikia uji wa pilipili manga. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini, maana mimi nilikuwa mpangaji tu, tena mdogo wake mpangaji. Wiki mbili kabla ya kufa aliniita akaniambia kwa nini. Tangu siku hiyo sina raha, na ndiyo maana nauandika mwaka ule, niutoe kifuani kama utatoka.

Habari za kwetu tuziache. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaja Dar mwezi wa kwanza kukaa na dada yangu Agnesi aliyepanga chumba cha uani kwa Mama Shabani, nikisubiri matokeo. Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, miaka ile ya tisini ambayo maduka yalianza kujaa kila kitu na umeme wa kukiwashia kitu hicho haukuwepo. Asubuhi unakatwa, jioni unarudi ukipenda. Nyumba ile ilikuwa na sebule moja nzuri kupita sebule zote za mtaa, kwa sababu Shabani, mtoto pekee wa nyumba, alikuwa baharia. Kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda yenye tarehe nyekundu za sikukuu, televisheni ya Kijapani yenye mbao ubavuni, na chini yake transfoma ya chuma iliyokuwa ikinguruma muda wote inapofanya kazi, ukidhani kuna mashine ya kusaga nyuma ya ukuta. Transfoma ile ilikuwa ya kuendeshea kijimashine cha gemu ambacho Shabani alirudi nacho kutoka baharini. Kingine alichorudi nacho ni ugonjwa. Bombani nilisikia wanawake wakisema "kakanyaga waya yule", ndivyo ulivyotajwa ugonjwa ule siku hizo, jina lenyewe hakuna aliyethubutu kulitamka. Dada Agnesi alinikataza kunywea vikombe vya sebuleni. Alikuwa mtu mzuri dada yangu, lakini woga ni woga.

Nilimkuta Shabani siku ya Mapinduzi, siku yangu ya tatu mjini. Nilipeleka sahani ya vitumbua sebuleni nikamkuta amekaa sakafuni, amejifunga shuka kiunoni, mabega yamechongoka, macho yamemtoka kwenye televisheni. Kwenye kioo kulikuwa na askari mdogo mwenye mkuki na joho jekundu, anatembea katika nchi ambayo jua limesimama utosini na haliendi. Mazao yameungua, visima vimekauka. Askari anapigana na mijusi yenye mbawa na watu wa chuma wasio na vichwa, na kila anapoua anaongezeka nguvu kidogo, anapata upanga bora, anajifunza uchawi wa moto au wa barafu. Njiani anakutana na watu wanaomwambia maneno, na maneno hayo yanatokea chini kwa Kiingereza. Kuna milango mitano. Nyuma ya mlango wa tano ndiko anakokaa aliyelisimamisha jua.

Nilimsalimu. Hakugeuka, alisema tu, "Sista, hapo kaandika nini?"

Nikasoma, nikamweleza. Ilikuwa sentensi rahisi, kwamba kisima kiko nyuma ya msikiti wao, yaani jengo lile lenye kuba. Akaenda, akakikuta kisima. Ndipo akageuka akanitazama, akacheka, na meno yakaonekana mengi kwa sababu ya kukonda. "Miezi minne nakitafuta kisima hiki," alisema. "Mie shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa mtoro. Umemaliza fomu foo wewe? Kaa hapa." Nikakaa. Nilijiona mtu muhimu mjini, siku ya tatu tu.

Alinieleza kila kitu siku ile. Kule melini alikuwa na rafiki Mfilipino aliyekuwa akicheza gemu lile, naye Shabani akikaa pembeni akiangalia. Walifika mpaka mbele ya mlango wa tano, meli ikatia nanga, Mfilipino akamaliza mkataba wake, akamwachia Shabani mashine na kaseti kama zawadi. Hakuujua mwisho. Kaseti ilikuwa na kibetri ndani yake cha kukumbuka ulipoishia, nacho kilikuwa kimekufa. Fundi redio wa Tandika aliifungua kaseti, akasema kibetri kimechomelewa na mfano wake hana. Kwa hiyo ukizima, unaanza upya. Askari akifa, unaanza upya. Umeme ukikatika, unaanza upya. Na kutoka mwanzo hadi mwisho ni saa nane za kukaza macho, toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, kama hukukosea hata mara moja. Nani angeupata umeme wa saa nane mwaka ule? Jioni ukirudi, homa nayo ilikuwa inampanda, mikono inatetemeka, hawezi.

Ila kulikuwa na siku ambazo umeme haukatwi. Siku za kumbukumbu za taifa viwanda vimefungwa, wakubwa wanahutubia, gwaride linapita, na kule Temeke tulikuwa karibu na uwanja kiasi cha kusikia mizinga ikipigwa. Siku hizo hata mafundi wa umeme waliogopa kuukata. Shabani aliligundua hilo, na kalenda ya ukutani ikawa ratiba ya maisha yake. Mapinduzi, Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Uhuru. Alizijua kwa vidole. Hakujali tulimpindua nani wala tuliungana kwa hati gani, alitaka tarehe. Alinifanya nilete madaftari yangu ya historia, nikamsomea jioni akiwa amelala kwenye mkeka, mama yake akichambua mchele pembeni.

"Hawa waliopigana na Mjerumani kwa maji ya uganga," aliniuliza, "hawana siku yao?"

"Hawana sikukuu."

"Watu wamekufa wote wale, hata siku moja ya kufunga ofisi hakuna?" Akatikisa kichwa. "Na ule mkutano wa Wazungu wa kugawana nchi?"

"Huo nani ausherehekee, Shabani?"

"Mie. Ningeusherehekea mie na familia yangu." Mama yake akacheka mpaka akaangusha ungo. Nawakumbuka hivyo wale wawili, na nikiwakumbuka hivyo huwa nasahau kwa dakika chache mambo yaliyofuata.

Matokeo yalitoka kabla ya Muungano. Nilikwenda kuyatazama peke yangu, yamebandikwa ukutani, watu wanasukumana. Nilipata sifuri. Kiingereza nilipata F, sawa na hesabu. Nilisimama pale mpaka watu wakaisha, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu. Dada Agnesi nilimwambia. Alilia kidogo, akaniambia nitafute cherehani nijifunze kushona. Shabani sikumwambia. Alikuwa ameniuliza kwa mbali, "Vipi, umewaua?" nami nikasema nimepita vizuri, nasubiri kupangiwa shule. Basi. Ukishasema uongo wa namna hiyo inabidi uulishe kila siku kama mgonjwa. Yale maneno ya chini ya kioo yalikuwa yakizidi kuwa magumu kila mlango, na mimi badala ya kusema sijui nilikuwa naokota maneno mawili matatu ninayoyafahamu, ninashonea mengine kichwani, ninamsomea kwa sauti ya mwalimu.

Muungano alifika mlango wa tatu, mvua ya masika inapiga bati hata mizinga hatukuisikia, akachoka, vidole vikagoma. Alizima mwenyewe, akasema bado Mei Mosi. Mei Mosi alikuwa amelazwa, na madaktari walimrudisha nyumbani mwezi wa sita na kikaratasi na vidonge vya rangi moja. Kwa kawaida ya mambo hakutarajiwa kufika Saba Saba. Alifika. Wiki moja kabla alianza kula, mama yake akimpikia mtori wa ndizi na kuuponda mpaka uwe laini kwa sababu ya vidonda vya mdomoni. Nilimsikia mama akimwambia jirani uani, "Wewe mwache tu aihesabu hiyo kalenda, mwanangu mie anayehesabu simtilii shaka." Jirani aliitika kwa mguno, kama mtu asiyetaka kubisha na mzazi.

Siku ya Saba Saba watu walikuwa wanapita mtaani tangu alfajiri kuelekea kwenye maonyesho, watoto wamevaa nguo za Idi, vumbi linaingia mpaka sebuleni. Shabani alicheza kama mtu mwenye afya. Saa saba mchana tulikuwa mlango wa nne. Pale palikuwa na bibi anayeuza vitu, akasema maneno marefu, mistari sita. Niliyaelewa mawili, ngao na taa. Shabani akauliza, "Anasemaje huyu bibi?" Nikajibu bila hata kukohoa, "Anasema uuze ngao ununue taa." Akauza ngao. Akavuka mlango, na nyuma ya mlango ule kulikuwa na moto unaotoka ukutani ambao ni ngao peke yake inayouzuia. Askari alikufa hatua ya kumi. Kioo kikawa cheusi, likarudi jina la gemu, na muziki wa mwanzo.

Nilitaka ardhi ipasuke. Shabani aliweka kile kidude cha kuchezea juu ya goti lake, akasema, "Si kosa lako, sista. Kiingereza cha watu hawa kibovu." Alikuwa anamaanisha. Hakunishuku hata chembe. Nilikwenda chooni nikajifungia, nikalia, na hata hapo sikumwambia.

Miezi iliyofuata sipendi kuisimulia. Nane Nane hakuwa na fahamu. Aliamka, akauliza tarehe, akaambiwa, akafumba macho. Mwezi wa kumi macho yake yakaanza kuona ukungu, mwezi wa kumi na moja akawa anatambua mwanga na vivuli tu. Mwili ulibaki mifupa na masikio. Kila asubuhi nilipompelekea uji alisema, "Zimebaki ngapi?" nami namjibu siku zilizobaki mpaka Uhuru. Mama yake alisimama mlangoni akisikiliza jibu langu. Kuna siku nilikosea nikataja siku moja pungufu, akanirekebisha mama, kwa ukali, mbele yake.

Uhuru ikafika. Tulimlaza kwenye godoro sebuleni, kichwa kwenye mto karibu na goti langu, kwa sababu alisema mie ndiye nitakayecheza, yeye atasikiliza. Kwa miezi yote ile ya kumwangalia nilikuwa nimeyashika mapigano yote. Nilikuwa namwambia ninachokiona, mjusi wa kwanza, mjusi wa pili, sasa naingia kisimani, na yeye ananielekeza, "Usimfuate, atakuja mwenyewe. Sasa." Redio ya jirani ilikuwa inatangaza gwaride. Mizinga ikapigwa, vikombe vikatikisika kabatini. Mlango wa nne sikuuza ngao, tukapita. Saa tisa na nusu nikasimama mbele ya mlango wa tano, nikamwambia, "Tumefika." Shabani alinyoosha mkono akashika kanga yangu kwa pembe. Alisema, "Taratibu, Vero. Taratibu." Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile tena, hata watoto wangu siku zao za harusi.

Mlango haukufunguka. Kulikuwa na mlinzi, sura ya mwanamke aliyefunika uso, naye akauliza swali. Swali lilijaza kioo chote, kisha likafuata lingine, na chini yake majibu matatu ya kuchagua. Nililisoma mara moja, mara ya pili. Sikuelewa hata kichwa chake. Nilijua tu neno moja la mwisho, kwamba anayekosea anarudishwa.

"Anasemaje?" Shabani aliuliza.

"Subiri, ni refu."

"Soma polepole. Anasemaje?"

Nilifikiri, nikibahatisha nikakosea, tumekwisha, na mara hii atajua. Nikisema sijui, atajua vilevile, na Saba Saba nayo ataijua. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Na hapo transfoma ikanyamaza. Kioo kikajikusanya katikati kikawa nukta, kikazimika.

Nilishusha pumzi. Naliandika hili kama lilivyokuwa. Kabla ya kumwonea huruma, kabla ya kuwaza chochote, nilishukuru.

Shabani alisema, "Umeme?"

"Umekatika."

"Leo haukatwi. Toka nje utazame kwa jirani."

Hilo ndilo jambo la kwanza mtu alilofanya miaka ile, unatoka barazani unatazama kama ni mtaa mzima au ni nyumba yenu tu. Nikainuka. Nilifika ukumbini, pale kwenye giza kati ya sebule na mlango wa mbele, nikasimama. Hatua tano zilibaki. Redio ya jirani ilikuwa bado inasema, nikajiambia ni ya betri. Sikutaka kujua. Kama ni nyumba yetu tu, ni fyuzi, itabadilishwa, tutaanza tena leo hii hii, na mwanamke yule aliyefunika uso atakuwa ananisubiri pale pale na swali lake. Nilikaa ukumbini muda wa mtu kutoka na kurudi. Kisha nikarudi sebuleni, nikasema kwa sauti, "Mtaa mzima."

Shabani aliiachia kanga yangu. Hakulia wala hakulaumu. Alisema, "Basi. Bado Mapinduzi," na akageukia ukutani. Ile "bado Mapinduzi" aliisema kwa ajili yangu, kunifariji mie, nilijua wakati ule ule. Hakuuliza tena tarehe. Uji wa kesho yake hakuufungulia mdomo. Siku ya nne, saa nne asubuhi, akafa, mama yake amemshika miguu.

Nimeishi na hilo. Nimelikiri kwa padri, nikapewa sala za kutubu, nimezisali zote. Nilimwambia mume wangu, akasema ulikuwa mtoto. Wajukuu wangu wanasema gemu zote za zamani zipo kwenye simu siku hizi, mtu anaweza kutazama mwisho wake kwa dakika tano. Nimewaambia wasinionyeshe.

Wiki mbili kabla ya kufa, Mama Shabani alinipigia simu niende Temeke peke yangu. Nilimkuta kitandani, amekuwa mwepesi kama mwanawe alivyokuwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono, akawaambia mabinti wa jirani watoke.

"Vero," alisema, "siku ile ya Uhuru swichi niliizima mie."

Sikuelewa. Akarudia. Swichi kubwa ilikuwa ndani ya chumba chake, nyuma ya pazia la mlango, hatua mbili kutoka pale ukumbini nilipokuwa nimesimama. "Alikuwa anaishi kwa sikukuu," alisema. "Madaktari walisema mwezi wa sita, akakataa, akaifuata Saba Saba. Ikamwendea vibaya, akaifuata Uhuru. Nikawasikia mmefika kwenye mlango wenyewe. Nikasema moyoni, akiumaliza mchezo huu mwanangu hana la kungojea tena. Mapinduzi si mbali. Nilitaka mwezi mmoja, Vero. Mwezi na siku tatu."

Nilikuwa nahesabu hatua zile mbili.

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, mkono bado uko kwenye swichi," aliendelea. "Nikakuona umekuja ukumbini, ukasimama. Nikajua umeniona. Nikasema leo naumbuka, atamwambia mwanangu kwamba mamake ndiye kamzimia. Ukarudi ukamwambia ni mtaa mzima." Machozi yalikuwa yanamtoka kuelekea masikioni, hakuyafuta. "Mtoto mdogo vile. Ulinisitiri. Hukuniuliza hata siku moja, hukunitazama vibaya. Mwanangu kafa hajui. Kwa ajili hiyo nilimwambia Mungu, huyu ndiye mwanangu aliyebaki."

Alinitazama akingoja niseme kitu. Sikumwona siku ile, sikuona pazia wala mkono. Ningetoka nje ningejua. Ningekuwa nimemwambia Shabani sijui Kiingereza, tungekuwa tumeshaita mtu wa kusoma tangu Muungano, na mama yule asingekuwa na mlango wa kuufunga. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli mara moja katika maisha yangu kwa mtu aliyebaki wa kuambiwa.

"Uliniona, siyo?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilikuona."